Mkono wa Kushoto wa Msalaba

Nimepaka vitu vingi katika maisha yangu. Nimepaka matangi ya maji ya machimboni kwa rangi ya fedha, mpaka ukiyatazama saa sita mchana machozi yanakutoka. Nimepaka mabati, baiskeli, milango ya malori ya pamba, mabango ya maduka ya Shinyanga mjini, na sanduku moja la harusi ambalo mwenye nalo alitaka ling'ae kuliko bibi harusi mwenyewe. Hayo huwa nayasimulia bila kuulizwa, mpaka wajukuu wananikimbia. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kuwasimulia, nacho ni mkono wa kushoto wa msalaba wa kigango chetu. Mkono wenyewe hauzidi urefu wa kiwiko mpaka ncha za vidole. Nimezeeka sasa na bado unaniwasha. Na tafadhali, mtu asiniletee ile methali ya vyote ving'aavyo. Naijua, nimeichoka.

Ufundi niliupata Shinyanga, miaka ile baada ya vita kuu, kwa Mgoa mmoja mfupi mwenye kikohozi, aliyekuwa na karakana ya kupaka malori nyuma ya stesheni. Mtu yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini alijua. Alinifundisha kwamba rangi ya kung'aa si rangi kama nyingine. Rangi ya kawaida ni udongo na mafuta, unaisugua hata mara kumi ikikupendeza. Ya fedha ni vipande vidogovidogo vya bati laini vinavyoogelea ndani ya vanishi. Ukiipaka, vile vipande vinapanda juu vyenyewe na kulala bapa, kimoja juu ya kingine, kama magamba ya sato. Ukirudisha brashi mara ya pili unavivuruga, ukuta unakuwa kijivu kama majivu. "Pita mara moja, ondoka," alikuwa akisema. "Hii si mke wako, usiibembeleze."

Ya dhahabu ziko namna mbili. Kuna unga, unaouzwa kwenye kopo, ambao ni shaba iliyosagwa. Unapaka vanishi, unasubiri ianze kunata, unaurushia unga kwa brashi laini, unapangusa. Siku hiyo ukiuona utaapa ni dhahabu. Baada ya masika moja au mawili unageuka kahawia, na pembeni unaota ukijani. Namna ya pili ni dhahabu yenyewe. Inakuja katika vijitabu vidogo, na kati ya kurasa limelazwa jani moja la dhahabu iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hiyo haigeuki. Hiyo itakuzika wewe na wajukuu wako na bado ing'ae.

Ila inataka adabu. Mgoa alinipa masharti ya kazi ile, nami niliyakariri kama katekisimu. Funga mlango. Funga dirisha. Usiongee, usikohoe. Yeye mwenyewe, pamoja na kikohozi chake, alikuwa akilipa lile jani mgongo na kubana pumzi mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Brashi ya kuinulia jani unaipitisha kwanza shavuni mwako, ipate jasho kidogo la mafuta, ndipo jani linaishika. Kisha unalilaza juu ya gundi na kulikandamiza kwa pamba mbichi. Na watu wasiwepo. "Dhahabu haipendi watazamaji," alisema. Sharti hilo ndilo lililonishinda.

Nilipotoka kwake nilikwenda magharibi, kwenye machimbo ya upande wa Geita, nikapata kazi ya kupaka matangi na mashine zisile kutu. Huko nikaoa. Mke wangu alikuwa binti wa mama mmoja mjane, mtu wa kulima karanga na kwenda kanisani, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mama huyu ndiye aliyekuwa akifagia kanisa la kigango chetu kila Jumamosi, na funguo alikuwa nazo yeye. Hakuna aliyemchagua kwa kazi hiyo. Aliifanya tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa yake.

Sasa lazima nieleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu Wasukuma wa wakati ule, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Nikikutana naye njiani naingia majanini, naye anavuta khanga kichwani anapita. Hatuli pamoja, hatukai jamvi moja, hatupeani mkono. Si uadui, ni heshima, na kubwa kuliko zote. Lakini watu ni watu, na mambo ya kusemwa hayaishi, kwa hiyo kulikuwa na njia. Mama mkwe akitaka nisikie jambo, na hakuna mtu wa kulipitisha, alikuwa akiliambia kitu kilichopo karibu. Anamwambia mbuzi, "We mbuzi, kesho kuna msiba kwa jirani, sijui kama watu wamepata habari." Mimi na mbuzi tunasikia. Nami nikiwa na jibu naliambia jembe au ukuta. Mnacheka? Tuliishi hivyo miaka mingi na hatukuwahi kukosana hata mara moja.

Basi, mwaka mmoja padre akaleta habari kwamba kigango kimepata msalaba. Seremala wa machimboni aliuchonga kwa mninga, urefu wa mtoto wa miaka saba, mzuri sana. Na ndugu wa padre huko kwao Ulaya wakatuma vijitabu viwili vya majani ya dhahabu ya kuufunika. Fikiria watu wa kigango kile. Nusu yao walikuwa wachimbaji waliokuja toka kila pembe ya nchi. Kila siku waliishika dhahabu kwenye mawe, na jioni getini wanapekuliwa mpaka kwenye masikio isije ikatoka nao. Hawajawahi kuwa na dhahabu wanayoruhusiwa kuitazama. Wakasema msalaba huo utakuwa dhahabu yetu sisi.

Padre akaniuliza mbele ya wazee wa kigango, "Fundi, vitabu viwili vitatosha?"

Nikasema vitatosha na kubaki. Mimi huyu, ambaye kwa Mgoa nilikuwa nimelaza majani ya dhahabu labda mara tatu, tena kwenye herufi za bango! Lakini walikuwa wakinitazama, na mimi kutazamwa kulinikoleza. Huo ndio ugonjwa wangu, na kama una dawa yake ulete.

Kazi ya chini niliifanya vizuri, sitajinyima haki. Niliupiga msasa siku tatu. Nikachota udongo mwekundu wa kichuguu, nikauchekecha kwa kitambaa mara tatu, nikauchanganya na gundi ya ngozi ya ng'ombe, nikaupaka tabaka baada ya tabaka mpaka mbao ikawa laini kama shavu. Kisha gundi ya mafuta. Hiyo unaingoja iive. Unaigusa kwa kifundo cha kidole: ikishika bila kuloanisha, anza. Ikipita, umechelewa.

Siku ya kulaza majani ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati wa visulisuli. Nilifunga milango asubuhi, nikafanya kazi kama nilivyofunzwa, na mpaka saa nne nusu ya kitabu cha pili tu ndiyo ilikuwa imebaki, na mkono wa kushoto. Nikarudi nyuma nikautazama. Haki ya Mungu, ulikuwa mzuri. Mwanga wa kidirishani uliugusa, kanisa lote likawa na rangi ya asali.

Hapo nikasikia kina mama wa kwaya wanakuja kwa mazoezi, wanacheka njiani. Nikawaza: wataupita huu mlango uliofungwa na hawatajua kilichomo. Nikaufungua. Wote, mbawa mbili. Nikajisimamisha pale na brashi yangu shavuni kama nimesahau kwamba mlango uko wazi.

Mama mkwe alikuwa uani anafagia majani. Hakuingia, maana mimi nilikuwa ndani. Lakini nilimsikia akiliambia fagio lake, kwa sauti ile ya chini, "We fagio, upepo wa leo si mzuri. Heri mtu afunge mlango."

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Nilisikia kila neno na nikaelewa ni langu, na sikufunga. Kina mama walikuwa wamefika mlangoni, wanasema "Lo! Lo! Tazama!" na mmoja, mnene mwenye kucheka sana, akasema, "Fundi, utatupofusha sisi!" Nikatabasamu. Nikawapa dakika zao, wakatazama wakashiba, wakaenda zao chini ya kivuli kuimba. Nikafungua kitabu niendelee.

Kisulisuli hakikupiga hodi. Kiliingia na vumbi na majani ya mhindi, kikazunguka ndani ya kanisa mara moja kama mtu aliyepotea nyumba, kikatoka. Nilipofumbua macho, kitabu kilikuwa mikononi mwangu, kurasa zinapepea, na hakuna kitu ndani. Dhahabu ilikuwa hewani. Vipande vilikuwa vinashuka taratibu, vingine vimenasa kwenye nyasi za paa, vingine kwenye utando wa buibui, vingine vimejikunja kwenye vumbi la sakafu. Jani la dhahabu likishajikunja halikunjuliwi. Niliokota moja likawa uchafu wa njano kidoleni.

Kina mama walikuwa wanaimba, hawakuona kitu. Ningeweza kwenda kwa padre. Yule alikuwa mtu mpole, angeguna, angeandika barua kwao, tungengoja miezi sita. Hilo ndilo lililokuwa la kufanya, na lilikuwa jepesi. Lakini nilikwisha sema "vitatosha na kubaki." Nikafunga mlango, sasa ndiyo nikaufunga, nikafungua sanduku langu la kazi, nikatoa makopo yangu ya unga wa shaba. Nilikuwa nayo matatu, rangi mbalimbali. Nikayalinganisha moja moja na mkono wa kulia, nikachagua unga uliofanana kuliko yote, nikaurushia kwenye mkono wa kushoto ungali unanata. Nikapangusa. Nikapitisha vanishi nyembamba juu. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza, na mtu asingeweza kutofautisha mikono ile miwili. Hata mimi nilipofumba jicho moja sikuweza. Nikazoa kipande kimoja kimoja cha dhahabu nilichokiona sakafuni nikakizika uani. Nilichokiona, nasema. Vya kwenye paa sikuviangalia.

Pasaka msalaba ukabarikiwa. Nyapara mmoja wa shimoni, mzee wa kigango, mtu aliyeshika dhahabu miaka kumi na tano na kuheshimiwa na wachimbaji wote, aliukaribia, akautazama mkono huu na huu, akanyanyua sauti, "Hii ndiyo yenyewe. Hii mimi naijua." Watu wakapiga vigelegele. Mke wangu alilia kwa furaha. Mimi nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Masika ya kwanza yakapita salama. Ya pili, nikaanza kuona. Mkono wa kushoto ulikuwa unapoa rangi, kama chai iliyozidishwa majani. Kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma nikiutazama huo tu, misa sikuisikia. Ulipofika kahawia ya ukoko wa uji, watu wengine nao wakaona.

Sasa tazama jinsi maarifa yanavyoweza kumponza mtu. Mahali pengine wangesema tu rangi imechakaa. Lakini kigango kile kilikuwa cha watu wa dhahabu, na kitu kimoja walikijua kuliko wote: dhahabu haishiki kutu. Nyapara akapanda kwenye kiti, akatoa kisu, akakwangua kidogo mkono wa kushoto, akanusa ncha ya kisu kama wanavyofanya shimoni. "Hakuna dhahabu hapa," akasema. "Na siku ya Pasaka ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu. Mtu ameikwangua, akapaka shaba kuficha." Alisema kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake, na kwa kweli nusu ya maneno yake yalikuwa sawa.

Nani ana funguo? Nani yuko peke yake na msalaba kila Jumamosi, na kitambaa mkononi?

Wazee watatu walikwenda nyumbani kwake mchana, na wakanichukua nami, kwa kuwa ni fundi na ni mtoto wa nyumba. Nilisimama nje, kando ya ukuta, mgongo nimewapa, kama mkwe anavyopaswa. Hawakutafuta sana. Kwenye kitundu cha ukuta wa jikoni walikuta kibiriti, na ndani yake, badala ya njiti, vipande vya dhahabu vilivyojikunja. Nikasikia nyapara akivuta pumzi.

"Mama, hivi umevipata wapi?"

"Nilivikuta kanisani," akasema. "Vilikuwa kwenye utando wa buibui na chini. Niliona si vizuri kuvitupa jaani. Nilikuwa nangoja kuvirudisha."

"Kuvirudisha kwa nani? Dhahabu inaota kwenye utando wa buibui?"

Hakujibu. Alikuwa na jibu, ndugu zangu. Alikuwa uani siku ile na fagio. Kisulisuli alikiona kinaingia na kutoka. Angesema neno moja tu, upepo, na macho yote yangegeuka upande wangu. Akanyamaza, na khanga yake kichwani, nilivyoambiwa baadaye, akiutazama ukuta ambao mimi nilikuwa ng'ambo yake.

Nyapara akatoka nje akanijia. "Fundi, wewe ndiwe uliyeilaza. Tuambie. Dhahabu ikishashikamana, inaweza kubanduka yenyewe ikaanguka?"

Nikasema, "Hapana. Haibanduki."

Jibu lilikuwa la kweli. Muulize fundi yeyote, atakwambia hivyohivyo. Nililitoa kwa sauti ya kazi, kavu, kama ninayeulizwa bei ya vanishi. Mpaka leo sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli ule. Na nilikuwa nimesimama karibu na ukuta! Ningetaka kusema naye, au kumsemea, njia ilikuwepo, ya heshima kabisa, tuliyoitumia kila siku. Ningeuambia ukuta, "We ukuta, mlango niliufungua mimi." Ukuta ulikuwepo. Nilinyamaza, na nilimwachia mama wa watu aniokoe.

Wakamnyang'anya funguo. Padre alisikitika, akasema asipelekwe mbali zaidi, lakini hakuruhusiwa kukomunika mwaka mzima, na akawa anakaa karibu na mlango, benchi ambalo hakuna aliyekaa naye. Kisimani yule mama mnene wa kwaya alikuwa akisema, "Jamani, ndoo zenu angalieni, zisije zikakwanguliwa," na wenzake wanacheka. Mke wangu aliyasikia hayo akarudi nyumbani amevimba macho. "Mama yangu hawezi," alikuwa akisema. "Baba watoto, wewe unamjua mama. Anaweza?"

"Hawezi," nasema.

"Sasa mbona hukumtetea?"

"Mimi ni mkwe. Nitaanzaje kumsemea mama mkwe mbele ya watu?"

Naye, maskini, alilikubali hilo. Heshima ile ambayo wazee walituwekea ili tusidhalilishane, mimi niliigeuza mlango wa kujificha. Ndugu wa padre walituma kitabu kingine, nami nikaulazia upya mkono wa kushoto, safari hii milango imefungwa na sikuvuta pumzi hovyo, nikabakiza na majani matatu. Watu wakanisifu tena. Wakasema, masikini fundi, anasafisha aibu ya ukweni.

Aliishi hivyo miaka sita. Alinyooka tu, akalima karanga zake, akaja kanisani wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Tukikutana njiani naingia majanini kama zamani, ila sasa naingia mbali zaidi. Na jambo moja nililiona. Hakumwambia tena mbuzi kitu chochote, wala jembe, wala fagio. Mimi nikiwa karibu, alinyamaza kabisa.

Alikufa kwa homa, mwisho wa mavuno. Mke wangu ndiye aliyekuwa naye. Alirudi mchana kuchukua shuka za msiba, akasimama mlangoni mwa karakana yangu.

"Mama ameacha neno lako," akasema. "Amesema, 'Mwambie mumeo msalaba wangu aupake yeye. Aupake ule unga wa mkono wa kushoto, asitie kitu kingine.' Nimemuuliza unga gani, akasema wewe unajua. Unga gani, baba watoto?"

Niliketi juu ya kopo la rangi. Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Hii ya kwetu ilikuwa kinyume, aibu ilikuwa ya mwosha na maiti ndiye aliyeijua. Alikuwa amejua tangu mwanzo. Vanishi ile nyembamba ilipochakaa, kila Jumamosi kitambaa chake kilikuwa kinatoka na vumbi la shaba kwenye mkono ule, na harufu yake kama ya sarafu, na alikuwa na pua na akili. Nikamwambia mke wangu yote, toka kina mama wa kwaya mpaka "haibanduki." Nilimwambia nikitazama sakafu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema, "Miaka sita umekula chakula changu."

Kisha akasema, "Upake."

Na sasa nisijisifu. Mle sandukuni nilikuwa na yale majani matatu ya dhahabu, na msalaba wa kaburini ulikuwa mdogo, wa vijiti viwili vya mti wa mtundu. Wazo lilinijia, nalo lilikuwa tamu: mlazie dhahabu halisi. Itang'aa milele, watu watasema mkwe mwema, amemsamehe mama yule na kumpamba. Hakuna atakayejua kamwe. Nilikwisha lishika lile sanduku. Kilichonizuia si ujasiri wala toba. Mke wangu alikuwa bado amesimama mlangoni, hajaondoka, na alikaa palepale mpaka nikafungua kopo la unga mbele ya macho yake.

Msalaba ulisimikwa ukiwaka kama moto. Watu wakasema yaleyale niliyotazamia. Yule mama mnene akanong'ona, "Mjane wa watu amepata dhahabu yake hatimaye," na wawili watatu wakacheka kwa kuficha.

Sikuupitishia vanishi. Masika hayo yalikuwa makali. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilipofika, padre akatuongoza makaburini, watu wengi, maana baada ya kifo watu humsamehe mtu kwa urahisi. Pale katikati ya majani msalaba ulikuwa kahawia, kahawia ileile ya ukoko wa uji, na ukijani pembeni. Kigango chote kiliwahi kuiona rangi ile, mahali pamoja tu.

Kwanza watu waliuzunguka. Kisha nyapara, sasa mzee mwenye fimbo, akausogelea, akaupitishia kidole, akakinusa. Alikaa amekiweka kidole puani muda mrefu. Alipogeuka hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyepotea.

"Fundi," akasema, "na huu nao nani kaukwangua?"

"Hakuna mtu," nikasema.

"Na ule?"

"Na ule hakuna. Ni unga. Niliupaka mimi."

Mzee akavua kofia. Yule mama mnene akakaa chini pale alipokuwa, juu ya udongo, na gauni lake la Jumapili. Nilisubiri mtu anipige. Nilitaka anipige. Lakini hawakuwa wananitazama mimi hata kidogo, walikuwa wanalitazama kaburi, kila mmoja na miaka yake sita.

Mke wangu alikuwa amekuja na jembe la kupalilia, amelilaza pembeni. Nilikuwa bado mkwe. Nikageuza uso, nikaliangalia lile jembe.

"We jembe," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "siku ile ya upepo fagio lilimwambia mtu afunge mlango. Alisikia."